Mtoto Aliyeitwa Mkaidi: Kisa cha Mwanafunzi wa Darasa la Tatu Asiyesikia Vizuri

Mwanafunzi ni mvulana wa miaka 8, yuko darasa la tatu. Katika daftari la nidhamu la muhula mmoja jina lake limeandikwa mara 9, na sababu ni zilezile: hasikilizi, mgomvi, anaangalizia kwa jirani, mkaidi. Anakaa dawati la mwisho karibu na mlango, alikohamishiwa ili asisumbue wengine. Sikio lake la kulia hutoa usaha siku kadhaa, hukauka, kisha huanza tena. Wenzake wamempachika jina linalotokana na harufu ya usaha huo. Kwenye ripoti ya mwisho wa muhula mwalimu mmoja aliandika: "Ameonywa sana. Sikio la kufa halisikii dawa."

Methali hiyo aliandikiwa mtoto ambaye sikio lake lilihitaji dawa kweli, na hakuna aliyekuwa amelitazama.

Kisa hiki kimejengwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika shule za msingi, ili mtoto yeyote mmoja asitambulike ndani yake. Hatua za uchunguzi, hesabu za sauti na maelekezo ya kulitunza sikio ni ya kufuatwa kama yalivyo.

Kosa lilipoanzia

Ukaidi hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni kwamba mwalimu alisema "fungueni ukurasa wa 34" na mtoto mmoja hakufungua. Kutoka hapo hadi kwenye neno "mkaidi" zimepitishwa hukumu nne bila mtu kuzitamka: kwamba alisikia, kwamba alielewa, kwamba aliweza, na kwamba hakutaka. Hukumu ya kwanza ndiyo iliyokuwa na kasoro. Kwa kuwa hakuna aliyeihoji, kila adhabu iliyofuata ilijengwa juu yake.

Kilichowapoteza walimu zaidi ni kwamba siku nyingine mtoto alisikia. Hapo ndipo ulipozaliwa usemi unaotajwa sana ofisini kwa walimu: "Huyu akitaka anasikia." Usemi huo umewaumiza watoto wengi. Usikivu unaoathiriwa na ugonjwa wa sikio la kati, yaani sehemu iliyo nyuma ya ngoma ya sikio, hupanda na kushuka. Sikio likikauka na mtoto akiwa hana mafua, anasikia afadhali. Likijaa majimaji au usaha, anarudi palepale. Tena mwalimu akiwa karibu na amemwelekea, mtoto hutazama midomo na kukamilisha maneno kwa macho, mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua kwamba anafanya hivyo. Mwalimu akigeukia ubao, msaada huo unakatika katikati ya sentensi. Anayesikia leo na asisikie kesho si lazima awe anachagua.

Makosa mengine ya mtoto huyu yanasomeka vivyo hivyo. Kuangalizia kwa jirani kulikuwa ni kutazama wenzake wamefungua ukurasa gani. Ngumi alizorusha zilitokea alipoguswa kutoka nyuma na mtu ambaye hakumsikia akija. Vipindi vya mwisho alilaza kichwa dawatini, kwa sababu kusikiliza kwa kukisia kunachosha kuliko kusikiliza kwa kawaida. Mara mbili tatu alijibu swali ambalo halikuulizwa, darasa likacheka, na tangu hapo hakunyoosha mkono tena.

Na kuna mtoto mwingine wa kukumbukwa hapa. Mwenye tatizo hilohilo lakini mpole haandikwi kwenye daftari lolote. Hukaa kimya, hutabasamu akitazamwa, hunakili ubaoni kwa mwandiko safi, na huitwa "mzito wa kuelewa". Huyo huchelewa kugunduliwa kuliko mgomvi, kwa sababu hamsumbui mtu.

Siku 10 za kuandika

Mwalimu wa malezi hakuanza kwa kumwita mtoto na kumhoji. Mtoto wa miaka 8 aliyezoea kusikia nusu hajui kwamba wengine wanasikia zaidi, kwa hiyo swali "unasikia vizuri?" litapata jibu la "ndiyo". Alianza kwa karatasi yenye safu tano, akaigawa kwa walimu wote wanaofundisha darasa hilo: saa, mwalimu alisimama wapi na ameelekea wapi, alisema nini, mtoto alifanya nini, kulikuwa na kelele gani. Sharti lilikuwa moja: kuandika kilichoonekana tu. Maneno kama "alipuuza", "alidharau" na "alijifanya" yalikatwa na mwalimu akaombwa aandike upya.

Baada ya siku 10 za masomo kulikuwa na matukio 14. Katika 11 kati ya hayo, mwalimu alikuwa ameelekea ubaoni, au anatembea nyuma ya mtoto, au darasa lilikuwa kwenye kazi ya vikundi. Hakuna tukio hata moja lililotokea mwalimu akiwa amesimama mbele yake karibu. Mkaidi wa kweli hachagui kukaidi anapopewa mgongo au wakati wa vikundi tu.

Daftari la imla ndilo lililosema zaidi. Mwalimu alisoma: "Saa ya ukutani imesimama." Mtoto akaandika: "Taa ya ukutani imesimama." Mwalimu alisoma "fika mapema", yeye akaandika "pika mapema". "Vitabu vyake" ikawa "kitabu chake". Ukiyatazama haraka unaona mtoto mzembe. Ukiyatazama kwa utulivu unaona kwamba irabu zote ziko mahali pake, idadi ya silabi ni sahihi, na kilichokosekana ni konsonanti nyepesi peke yake. Irabu ndizo zenye nguvu katika sauti ya mtu. S, f, sh, p, t na k ni pumzi ndogo tu, na usikivu ukipungua ndizo zinazozama mwanzo. Kiswahili kinamwadhibu mtoto wa namna hii kwa njia ya pekee: umoja na wingi wa ngeli nzima ya KI-VI unategemea konsonanti ya mwanzo, na saa, taa, kaa, paa na faa zinatofautiana kwa pumzi ya mwanzo tu. Lakini mtoto huyu hakuandika ovyo. Aliandika neno lenye maana linalokaa kwenye sentensi. Huo ni ubongo unaofanya kazi kwa bidii kuziba pengo.

Kabla ya kuhitimisha kuwa ni masikio, mwalimu alihitaji kuondoa uwezekano wa shida ya kusoma. Alimpa kadi tano zilizoandikwa maneno hayohayo matano. Mtoto alizisoma zote bila kukosea na akaeleza maana ya kila moja. Kisha alinakili aya ya mistari sita kutoka kitabuni akiwa na kosa moja. Herufi anazijua. Zinapopitia jichoni zinafika. Zinapopitia sikioni zinapotea njiani. Angekosea pande zote mbili, uchunguzi ungeelekea kwingine, na macho yangepimwa pia.

Kupima kwa sauti ya mwalimu

Kuna jaribio dogo la sauti sita ambalo mwalimu anaweza kulifanya bila kifaa: m, u, i, a, sh, s. Zimechaguliwa kwa kuwa zinagusa sauti nzito hadi nyembamba zinazotumika katika mazungumzo. Linafanyika chumba tulivu, milango imefungwa, mtoto mmoja kwa wakati. Mtoto anaambiwa, "Ukisikia, rudia ulichosikia." Mwalimu anaanza akiwa mita 1, kisha mita 3, kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, akichanganya mpangilio wa sauti na kuacha vipindi vya kimya visivyolingana.

Makosa manne huliharibu. La kwanza, kutaja sauti kwa mdundo mmoja: mtoto anajibu kwa kufuata mdundo. La pili, midomo kuonekana. La tatu, kuiziba midomo kwa karatasi iliyobanwa usoni, ambayo inakata s na sh. Karatasi ishikwe kiasi cha sentimita 10 mbele ya mdomo, au mwalimu asimame nyuma ya mtoto. La nne, kusimama karibu mno nyuma yake hadi mtoto akahisi pumzi shingoni.

Mtoto wa kisa hiki alirudia sauti tano kati ya sita akiwa mita 1. Akiwa mita 3 alipoteza s na sh zote. Kisha mwalimu akataja yale maneno matano, midomo imefichwa, akiwa mita 3. Mtoto alirudia "taa" mara nne.

Jaribio hili si kipimo cha hospitali. Mtoto akilishindwa, apelekwe kupimwa. Akilifaulu na bado kuna dalili darasani, apelekwe vilevile.

Mazungumzo na mama yake

Mama aliitwa kwa barua iliyoandika wazi kwamba si wito wa kosa. Hilo lilikuwa muhimu: barua mbili za awali zilikuwa za malalamiko, na alipokuja alikuwa amejiandaa kuomba msamaha.

"Karibu, Mama, kaa. Leo sijakuitia kesi. Nataka unisaidie kumwelewa mtoto."

"Asante, Mwalimu. Lakini nyumbani mbona anasikia? Nikimtuma anakwenda."

"Ukimtuma, anakuwa wapi?"

"Tunakuwa naye hapo hapo, jikoni."

"Na akiwa nje ukimwita?"

Mama akanyamaza kidogo. "Nje namtuma mdogo wake akamwite. Nimezoea tu hivyo."

Jibu kama hilo lina thamani kuliko dodoso la kurasa tatu. Familia hujirekebisha polepole kwa mtoto asiyesikia vizuri bila kutambua: wanamsogelea, wanamgusa bega, wanamtuma mwingine akamwite. Ndiyo maana "nyumbani anasikia" si ushahidi kwamba shuleni anafanya makusudi. Nyumbani ni mita 1, uso kwa uso, watu wachache. Darasani ni mita 8, mgongo wa mwalimu, na watoto 40 wanaovuta madawati.

Mama aliulizwa pia: usaha ulianza lini, sikio gani, anapata maumivu au homa, kuna kitu kinachotiwa sikioni. Alisema humtia mafuta ya uvuguvugu na kulisafisha kwa kijiti chenye pamba. Mwalimu hakumlaumu. Alimwambia tu aache vyote viwili hadi mtoto aonwe, kwa kuwa kijiti husukuma uchafu ndani na kinaweza kuumiza ngoma ya sikio, na mafuta hayatibu. Akamwandikia barua ya rufaa ya nusu ukurasa: kilichoonekana darasani, matokeo ya sauti sita, tarehe za usaha kadiri mama alivyokumbuka. Barua yenye mambo hayo humsaidia daktari. Barua inayosema "mtoto hasikii, tafadhali mpime" haimwambii kitu.

Kuna dalili ambazo hazingoji barua. Uvimbe au maumivu nyuma ya sikio, sikio kusukumwa mbele, homa kali, kizunguzungu, uso kulegea upande mmoja, kichwa kuuma sana pamoja na kutapika au shingo kukakamaa: mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Neno "mdogo" kwenye cheti

Hospitali ilikuta tundu kwenye ngoma ya sikio la kulia na maambukizi sugu ya sikio la kati. Sikio la kushoto halikuwa na tundu bali majimaji nyuma ya ngoma. Kipimo cha usikivu kilionyesha wastani wa desibeli 45 kulia na 32 kushoto. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti; hapa zinaonyesha sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia, kwa hiyo namba ikiwa kubwa, usikivu ni hafifu zaidi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, kinachohesabiwa ni sikio lililo bora: chini ya desibeli 20 ni usikivu wa kawaida, 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo, 35 hadi chini ya 50 ni wa wastani. Cheti kikaandikwa "upungufu mdogo wa usikivu".

Walimu wawili walilisoma neno "mdogo" wakashusha pumzi. Hapa ndipo kisa kingeweza kufa. "Mdogo" ni jina la kundi katika jedwali. Halisemi chochote kuhusu mzigo anaoubeba mtoto darasani. Hesabu yake ni hii. Sauti ya mwalimu aliyeipandisha kidogo ni kama desibeli 66 kwa mita 1. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayomfikia msikilizaji moja kwa moja inapungua desibeli 6: mita 2 ni 60, mita 4 ni 54, mita 8 ni 48. Sikio bora la mtoto huyu linakata kama 32 katika kila sauti. Kwa mita 8 anabakiwa na 16, ambayo ni chini ya mnong'ono. Kwa mita 2 anabakiwa na 28, yaani mnong'ono wenyewe. Kuta hurudisha sehemu ya sauti, lakini hurudisha sauti iliyovurugika.

Ongeza kelele. Darasa lenye watoto wengi hufika desibeli 50 kwa urahisi hata wakiwa wametulia kiasi, na mtoto anayejifunza anahitaji sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa takriban desibeli 15. Kwa kelele ya 50 na sauti ya 66, hilo linapatikana mita 1 tu kutoka kwa mwalimu. Kwenye dawati la mwisho sauti ya mwalimu iko chini ya kelele, hata kwa mtoto mwenye masikio mazima. Kutokana na hesabu hiyo linatoka jambo ambalo shule nyingi hazilifikirii: kuipunguza kelele kwa desibeli 10 kunasaidia kuliko kumhamisha mtoto kutoka mita 4 hadi mita 2, na kunawafaidi wote waliomo.

Tiba ya kulia ilikuwa matone ya antibiotiki kwa wiki 2, na kulikausha sikio kila kabla ya matone, mara 3 kwa siku: kitambaa safi kinachonyonya au karatasi laini husokotwa iwe na ncha, huingizwa taratibu, huachwa ilowe, hutolewa na kuwekwa nyingine hadi itoke kavu. Mikono inaoshwa kabla na baada. Hakuna pamba wala kitu chochote kinachoachwa ndani baada ya hapo, na maji yasiingie, kwa hiyo kuogelea kunasimama. Ratiba ilipangwa asubuhi, akirudi kutoka shuleni, na kabla ya kulala, ili mtoto asihitaji kutolewa darasani mbele ya wenzake. Kushoto, daktari alishauri kusubiri na kupima tena baada ya miezi 3, kwa kuwa majimaji ya namna hiyo mara nyingi huisha yenyewe. Miezi 3 ni muhula mzima. Shule haikuwa na sababu ya kusubiri pamoja naye.

Kilichobadilishwa darasani

Sikio zuri ni la kushoto, kwa hiyo mtoto alihitaji kukaa upande wa kulia wa chumba akiwa ameelekea ubao, ili sikio la kushoto lielekee darasa na la kulia lielekee ukuta. Aliwekwa safu ya pili. Safu ya kwanza inamlazimu kutazama juu kwenye kidevu cha mwalimu, na hawezi kuwaona wenzake wanapojibu bila kugeuka mwili mzima. Kabla ya kumhamisha aliulizwa angependa kukaa na nani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na mahali anapokaa kila siku ni jambo linalomhusu hasa. Alimchagua mvulana ambaye walimu walidhani ni adui yake.

Miguu ya viti na madawati ilivishwa vipande vya mpira. Mlango ukafungwa wakati wa maelezo, hata kama hewa iliingia kwa dirisha moja tu kwa dakika hizo 10. Mwalimu aliacha kusimama akiwa na dirisha mgongoni, kwani mwanga wa nyuma unaugeuza uso kuwa kivuli na midomo haisomeki. Aliacha pia kuzungumza huku akiandika: andika, geuka, kisha sema. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, na kwa wiki ya kwanza watoto wenyewe walipewa ruhusa ya kunyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, geuka."

Kupaza sauti hakusaidii kama watu wanavyodhani. Ukifoka, irabu zinakuwa kubwa zaidi na konsonanti zinabaki palepale, midomo inapinda, na mtoto anaona uso wa hasira. Sema kwa mwendo wa kawaida, wazi, na kama hakupata, usirudie sentensi ileile mara tatu, ibadilishe. Maagizo yenye hatua tatu yaandikwe ubaoni kwa maneno mawili mawili. Na swali la "umeelewa?" liachwe kabisa. Mtoto aliyezoea kuadhibiwa atajibu "ndiyo". Badala yake aulizwe, "Utaanza na nini?"

Jibu la mtoto mwingine lirudiwe na mwalimu, baada ya kumtaja na kumwonyesha aliyejibu, maana mtoto asiyesikia vizuri akishamtafuta msemaji kwa macho, jibu limekwisha. Kazi ya kikundi ifanyike kwenye kona tulivu, watoto wasizidi wanne. Vipindi vya kusikiliza sana viende asubuhi. Mvua kubwa ikipiga paa, somo la mdomo lisimame na kazi ya kuandika ianze.

Imla na mtihani wa kusikiliza vilihitaji uamuzi wa mwalimu mkuu. Walimu wawili walisema kumsomea mtoto mmoja kwa mita 1 ni upendeleo. Hoja hiyo ijibiwe kwa heshima, kwa sababu inatoka kwenye nia ya kutenda haki. Imla inapima kama mtoto anaweza kuandika neno alilolisikia. Kwa aliye mita 8 na masikio haya, inapima masikio. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 2, unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi, na ibara ya 24 inaipeleka haki hiyo darasani. Maneno yalikuwa yaleyale, alama zilezile, muda uleule. Kilichobadilika ni umbali.

Jina, ngumi na msamaha

Madawati na vipande vya mpira ni sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kwamba mtoto huyu kwa muhula mzima alikuwa ameadhibiwa kwa kutosikia, na darasa zima lilishuhudia.

Mwalimu mmoja alitaka kusimama mbele na kusema, "Mwenzenu ni mgonjwa, msimcheke." Alizuiwa, na ilikuwa sahihi kumzuia. Tangazo la namna hiyo linamfanya mtoto awe mfano, linafichua habari ya afya yake bila ridhaa, na linawapa wenzake jina jipya. Badala yake lilifundishwa somo la sikio kwa darasa zima, kwa mchoro, bila kumtaja mtu. Kila mtoto aliziba masikio yake kwa vidole huku mwalimu akiwasomea imla ya maneno manane akiwa amewapa mgongo. Walipoona walichoandika walinyamaza. Lile jina la harufu lilishughulikiwa kando, na watoto watatu waliolianzisha, mmoja mmoja, pamoja na wazazi wao, kama uonevu wowote mwingine.

Ngumi hazikusamehewa kimyakimya. Mtoto alimwomba msamaha kila aliyempiga, kwa sababu kanuni ya kutopiga ni yake pia, na kumwondolea kanuni ni namna nyingine ya kumtenga. Lakini chanzo kilitibiwa: darasa zima lilifundishwa kumjia mtu kutoka mbele au kugonga dawati lake kabla ya kumgusa.

Kisha ikawa zamu ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alikaa naye, akamwambia: "Nilikuadhibu nikidhani unanisikia. Ulikuwa hunisikii. Nimekosea, nisamehe." Mwalimu mkuu alipitia yale maandishi 9, akaambatisha kwenye 7 maelezo ya kitabibu na sahihi yake, mawili ya kupigana yakabaki, yakiongezewa maelezo ya chanzo. Maandishi ya zamani hayakuchanwa. Rekodi inayofutwa haimfundishi mtu, na mwalimu ajaye anahitaji kuona hukumu ilivyobadilika na kwa nini.

Yaliyokwenda kombo

Wiki ya tatu mwalimu wa zamu aliyeshika darasa kwa siku moja alimrudisha mtoto nyuma kwa kuwa "mrefu anawaziba wengine". Hakuwa ameambiwa. Tangu hapo karatasi ya mpango, ukurasa mmoja, ilibandikwa ndani ya jalada la mahudhurio, mahali ambapo kila anayeingia darasani ataifungua.

Yule rafiki aliyechaguliwa alianza kuachwa nyuma kwa kazi yake, kwa sababu kila agizo alilirudia yeye. Kumfanya mtoto mmoja kuwa masikio ya mwingine ni kuwaonea wote wawili. Sasa hupokezana watatu, kila mmoja wiki moja, na kazi yao ni kuonyesha ukurasa tu. Maelezo hutolewa na mwalimu.

Wiki ya tano usaha ulirudi baada ya mtoto kucheza majini, na mwenendo wa zamani ukarudi nao kwa siku nne. Walimu wengine walivunjika moyo. Safari hii kulikuwa na safu tano za kuandika, na mwalimu wa malezi alipoziweka karibu na tarehe za usaha, zilikwenda pamoja. Mama alipigiwa simu siku hiyohiyo, kliniki ikamwona mtoto kabla ya wiki kuisha.

Kumtafuta mtoto huyu kuliwafichua wengine. Shule iliomba uchunguzi wa darasa zima, ambao kwa kawaida hupima sauti za hezi 1000, 2000 na 4000 (hezi ni kipimo cha unene na wembamba wa sauti) kwa desibeli 20 au 25, kila sikio peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika, na maambukizi ya masikio ni mojawapo. Watoto wawili zaidi walipewa rufaa. Mmoja wao alikuwa ndiye "mpole" wa safu ya nne.

Baada ya miezi 3 sikio la kushoto lilipimwa desibeli 22. La kulia lilikuwa kavu, tundu likiwa bado lipo, na suala la kuliziba au la kupewa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, limebaki mikononi mwa madaktari. Pengo la masomo halikujazwa na matone: mtoto anapewa dakika 15 mara nne kwa wiki, uso kwa uso, za kujifunza upya maneno aliyoyasikia vibaya kwa miaka miwili, kuanzia na yale ya KI-VI. Kabla ya darasa la nne kuanza, mwalimu mpya atasimama naye kwenye chumba kitupu, ataitazama ilipo milango na madirisha, na watachagua dawati pamoja. Mstari wa kwanza wa ile karatasi ya mpango unasema: sikio zuri ni la kushoto.